Weka Visiki

Mzee alinipeleka kuona kiwanda chake cha mbao kabla hata chai haijafika. Kilikuwa nyuma ya nyumba, zile sehemu za Nairobi zenye miti mingi na kelele kidogo, kando ya reli ndogo inayozunguka bustani nzima, chini ya mabogenvilia na juu ya kidaraja cha mawe. Kiwanda chenyewe kilitoshana na kreti mbili za soda. Paa la mabati, msumeno wa duara unaozungushwa na betri, magogo yamepangwa kama sigara kwenye pakiti. Kibao kidogo kilieleza kwa Kiingereza kwamba hiki ni kiwanda cha nyanda za juu za Kenya, miaka ya 1920. Wakaazi wake walikuwa watatu: mzungu mmoja wa plastiki mwenye kofia pana, mbwa wake, na twiga.

Twiga! Futi elfu nane juu ya bahari, katikati ya msitu wa mwerezi. Nikameza mate. Mimi ni mgeni, na chai iko njiani.

Swali moja tu ndilo lililonitoka: haya magogo yametoka wapi? Akanyoosha kidole kwa mabogenvilia, akacheka. "Si msituni," akasema.

Mzee mwenyewe ni mtu poa na sitamtaja. Alinifundisha kupinda reli bila kuivunja, na nilipoondoka akanipa mabehewa mawili bure. Nashukuru hadi leo. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani, nikiosha vyombo, nikiwa kwa matatu, na kwa kuwa wako wengine wengi kama yeye, acha nimjibu hapa mara moja tumalizane.

Ukiamua kujenga kiwanda cha mbao cha zamani, jenga na visiki. Jenga laini za wafanyakazi. Jenga waliokuwa ndani ya huo msitu kabla msumeno haujafika. Kama hiyo kazi ni nyingi, jenga stesheni, jenga daraja, jenga duka la Mhindi, vitu vizuri vya kujenga viko tele. Kiwanda cha mbao kisicho na kisiki hata kimoja ni kama kichinjio ambacho hakijawahi kuona ng'ombe.

Na nyinyi wa rika langu, hii kazi msiwaachie watu wa twiga.

Najua mnachosema. Nimeambiwa yote. Ati nimerudi nasari. Ati hizo pesa ningekuwa nimeshika ploti Joska. Rafiki yangu mmoja, tukiwa kwa choma, aliangalia picha kwenye simu yangu kimya, akazipitisha moja moja, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama kuna kitu kinanisumbua na kama nimeongea na mtu. Huyo huyo hulala saa nane za usiku akisimamia klabu ya mpira ya Uingereza kwenye runinga, mji ambao hajawahi kukanyaga, na anajua bei ya kila beki. Mimi nikijenga kiwanda alichofanya kazi baba yangu, mimi ndiye nahitaji ushauri nasaha. Sawa.

Mimi ni wa Elburgon. Kama hujui, ni stesheni iliyo kati ya Njoro na Molo kwenye ile njia ya zamani ya Kisumu, na ni mji wa mbao: nyumba za mbao, ua wa mbao, vibanda vya sokoni vya mbao, na nilipokuwa mtoto, harufu ya unga wa mbao uliolowa mvua, kila siku, hadi kwenye nguo za kanisani. Guka alifika huko kama kibarua wa msitu. Idara ya misitu ya wakoloni iliwapa watu kama yeye vipande vya ardhi iliyokwisha kukatwa miti, walime mahindi na viazi katikati ya miche ya saipresi na paini. Miche ikikua na kuleta kivuli, wanahamishwa kwingine waanze upya. Waliuita mfumo wa shamba. Hali ya Hatari ilipokuja akafukuzwa pamoja na Wakikuyu wengine wa Bonde la Ufa, na ilipotulia akarudi, safari hii kubeba magogo. Baba akamfuata kiwandani.

Baba huniita Baba, kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Kwa hivyo ukitusikia tukibishana ni Baba kwa Baba, na mama hukaa jikoni akicheka. Alipasua mbao miaka ishirini na mbili. Mwaka wa 1989 msumeno ulichukua vidole viwili vya mkono wake wa kushoto. Kiwanda, ambacho jina lake nitalifunga kwenye leso, kilimpa wiki mbili za kupumzika na gunia moja la mahindi. Leo mahali pale ni kiwanja kitupu chenye magugu. Mashine ziliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, boila ikakatwa vipande kwa gesi, na hakuna picha hata moja niliyowahi kuiona ya ndani ya lile banda. Kilichobaki kiko kichwani mwa mzee mmoja wa miaka sabini na kitu. Ndiyo maana najenga. Siwezi kungoja mtu aje na mradi.

Sasa tuongee kazi, maana hapa ndipo watu hunifikiria mwendawazimu na mimi nawaona wamekosa utamu.

Reli ya bustani inayotumika sana duniani ina upana wa milimita 45. Ilienezwa na Wajerumani wa LGB kuanzia mwaka wa 1968, na walichoiga ni zile reli za milimani za Ulaya zenye upana wa mita moja. Kipimo chao kwa hivyo ni 1:22.5. Sasa chukua 45 uzidishe kwa 22.5: unapata 1012.5, yaani mita moja na sentimita moja hivi. Na sisi tuna reli ipi ya mita moja? Ile ile! Ile iliyotoka Mombasa ikafika ziwani mwaka wa 1901, iliyopita Elburgon, ile ambayo SGR ilikuja kuifanya ionekane mkokoteni mwaka wa 2017. Maze, kitu ghali cha kuchezea cha Wajerumani kinatukaa kama kiatu cha kupimiwa, na hakuna aliyewahi kutuambia. Tofauti ni chini kwenye mataruma. Ya LGB ni ya plastiki iliyochorwa ionekane mbao. Ya kwetu kwa sehemu kubwa yalikuwa ya chuma, maana mchwa wa hapa hawana mchezo. Niliyapaka yote rangi ya kutu, moja moja, wikendi mbili.

Treni niliipata kwa mitumba, Toi, imekatika bomba la moshi, muuzaji hata hakujua ni nini. Sasa ina rangi ya damu ya mzee, kama injini za East African Railways. Ukitaka kuona zenyewe nenda makumbusho ya reli hapo Nairobi, usimame chini ya Mount Gelai, injini iliyoundwa Manchester miaka ya 1950, halafu uniambie kama kimo chako kimebaki kile kile.

Kiwanda huwezi kununua. Yaani seti zipo, na ukiwa na pesa na shangazi ng'ambo utaletewa. Ila zote nilizoziona ni za Ujerumani au Marekani, paa limeinuka vile ili theluji iteleze, gurudumu la maji ubavuni, maua dirishani. Theluji gani Elburgon? Kwa hivyo unaunda mwenyewe kuanzia ubao wa kwanza, na hapo ndipo Nairobi yote inageuka kuwa duka lako la vifaa. Kijiti cha aiskrimu kina upana wa milimita 10 na unene wa 2. Piga hesabu kwa 22.5 na umepata karibu kabisa mbao ya tisa kwa mbili. Kijiti cha kukorogea kahawa kinakaribia sita kwa moja. Nilikuwa naviomba kwa mkahawa mmoja mjini, konzi kwa konzi, hadi mara ya nne mhudumu akaniuliza kama nina mkahawa wangu. Penseli inakuwa nguzo ya ua yenye unene wa sentimita 16, nguzo halisi ya mwerezi, na hapo kuna kichekesho kwa sababu mwerezi wetu ulikuwa ukisafirishwa ng'ambo kutengenezewa penseli.

Mabati: bandika vijiti vya mishikaki sambamba juu ya ubao, lete kipande cha kopo la soda, kilaze juu, kisha pitisha kalamu kavu kwenye kila mfereji taratibu. Ukiharakisha linapasuka. Msumeno wa inchi 48 unakuwa wa milimita 54, mfuniko wa mkebe unatosha, na meno unayachonga kwa tupa ndogo ya pembetatu, jino kwa jino, hadi macho yaanze kutoa machozi. Boila ni mkebe wa dawa ya mbu.

Baba alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki akinisahihisha. Mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwa msumeno hupita chini, usiuweke juu, utamkata mtu shingo. Yule anayepokea ubao upande wa pili hasimami hapo, anasimama kando, ukirudi nyuma usimchukue kifua. Wapi shimo la unga wa mbao? Wapi lundo la mabanzi? Boila inakula nini, hewa? Lile lundo lilikuwa likifuka moshi mwaka mzima, akasema, hata Krismasi. Nikaweka pamba iliyopakwa masizi. Akatikisa kichwa: moshi wake ulikuwa wa samawati. Nikabadilisha.

Mota ya kuzungusha msumeno niliinunua Grogan. Ni mota ndogo ya kioo cha pembeni cha gari, na usiniulize gari lilikuwa la nani. Sasa hebu simama hapo Grogan kidogo, kwa sababu sisi wote tunaenda pale kutafuta spea na hatujiulizi. Barabara rasmi inaitwa Kirinyaga, tangu zamani. Jina tunaloliimba ni la Ewart Grogan, yule aliyejulikana Uingereza kwa kuvuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo, akamaliza mwaka wa 1900. Watu wa Nairobi wa wakati huo walimjua kwa jambo lingine: Machi 1907 aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama, Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho. Alifungwa mwezi mmoja. Na huyo ndiye aliyepewa na serikali ya kikoloni haki ya kukata msitu, makumi ya maelfu ya ekari huko juu upande wa Eldama Ravine na Maji Mazuri. Reli ya kwenda Eldoret ilipojengwa, ikafika huko mwaka wa 1924, ilipanda hadi Timboroa, zaidi ya futi 9,000, na walikuwepo Wazungu wenyewe waliolalamika kwamba imepindishwa ili ipite karibu na miti ya Grogan. Mtu huyo huyo ndiye aliyetoa ardhi ya hospitali ya watoto ya Gertrude's pale Muthaiga, kumkumbuka mkewe. Wengine wenu mlizaliwa upya kwa dripu za pale. Ndivyo nchi hii ilivyo, hata shukrani zake zina mizizi mahali usipotaka kuchimba.

Nimemleta Grogan kwa sababu ya hesabu. Kipimo cha 1:22.5 kikipunguza urefu, kinapunguza eneo mara mia tano na sita. Ekari moja inakuwa mita mraba nane. Mita nane tu, chumba cha bedsita Roysambu! Bustani ya mama yangu, nafasi yote niliyopewa baada ya mazungumzo makali kuhusu sukumawiki, ni mita mraba 40, kwa hivyo nina ekari tano za msitu. Kiwanda kinakaa humo vizuri sana, banda la mita 18 linakuwa sentimita 80. Lakini ekari elfu kumi za miti kwa kipimo hicho zinataka karibu ekari ishirini za kweli. Hakuna bustani ya hivyo Muthaiga, hakuna Karen, labda ujenge ndani ya Karura.

Umeelewa shida iko wapi? Kinu kinatosha bustanini. Kilichomezwa na kinu hakitoshi. Mchezo wenyewe, bila hata mtu kukusudia uongo, unakuachia mashine na kukunyang'anya msitu. Kila mjenzi anaanza akiwa tayari amedanganya kidogo, na ndiyo sababu visiki si mapambo ya hiari. Kwa kipimo chetu mwerezi wenye unene wa mita moja ni kisiki cha sentimita nne na nusu. Kinagharimu tawi kavu na dakika kumi. Mzee wa mabogenvilia alikuwa na muda wa kuunda bawaba za milango zinazofunguka. Bawaba!

Ananijibu (nishamsikia kichwani mara nyingi): kijana, huu ni mchezo, mtu anatoka kazini amechoka, anataka kitu kizuri. Poa. Basi futa kile kibao. Umeandika miaka ya 1920 na nyanda za juu za Kenya, umedai ni historia, nami nakudai kama historia. Katika miaka hiyo unayoitaja, mwanamume Mwafrika alitembea na kipande chake ndani ya kikebe cha chuma shingoni, sheria iliyoanza kumbana mwanzoni mwa 1920 hivi. Kwa kipimo chetu hicho kikebe ni kichwa cha pini. Usiniambie hakionekani. Uliweka kola kwa mbwa.

Na pia usiniambie ati wafanyakazi walikuwa "ndani ya banda". Wote? Siku nzima?

Hapa kijana wa mjini anatakiwa kupiga makofi, nimempiga mkoloni, tumemaliza. Bado. Nusu ya pili ya ugomvi huu iko nyumbani kwetu, na sijaimaliza.

Baba hakupenda visiki. Siku ya kwanza nilipovipanda kuzunguka kiwanda alisimama akavitazama muda mrefu. "Baba," akaniambia, "ile kazi ndiyo ilikusomesha. Sasa unataka watu wakuje hapa waone makaburi?" Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa. Akasema sivyo. Karibu na kiwanda hakukuwa na visiki, vilichimbuliwa vyote vikawa kuni na makaa, kulikuwa na matope hadi magotini. Visiki vilikuwa juu mlimani, kwa njia ya maksai, walikokuwa wakiburuta magogo. Ukiweka visiki mlangoni umeweka hasira yako, hujaweka kiwanda.

Hapo alinishinda, na nakiri mbele yenu. Niling'oa vyote. Mlangoni nikaweka matope, gundi na kahawa iliyotumika. Visiki nikavipandisha kwenye kilima cha udongo upande wa tangi la maji, na njia ya maksai ikakatiza katikati yake. Inaonekana vibaya zaidi kuliko mwanzo. Ukikaa chini usawa wa reli, kiwanda chote unakiona mbele ya kilima kilichonyolewa. Baba aliangalia akasema, "Eeh. Sasa ndiyo hapo."

Lakini jambo jingine ndilo linaloninyima usingizi. Kabla ya Grogan, kabla ya idara ya misitu, kabla ya Guka na jembe lake, huo msitu wa Mau ulikuwa na wenyewe. Waogiek walitundika mizinga ya asali kwenye hiyo miti, mizinga ya magogo ya mwerezi, kila ukoo na sehemu yake. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafukuza Mau. Mwaka wa 2022 ikaamuru walipwe fidia. Novemba 2023 nyumba zikabomolewa tena kule Sasimwani. Sasa nikisema "weka waliokuwa hapo kabla", sisi tuko wapi? Guka hakumfukuza mtu, alikuwa kibarua. Ila alilima pale walipotolewa, na sisi tukajenga, na sisi pia tukaja kuchomewa, 1992, na tena 2008, kwa jina la nani alifika kwanza. Nikimwambia baba niweke mizinga, anasikia siasa. Anasikia mtu akimwambia aondoke. Si kuogopa kwa bure.

Kwa hivyo ninaposema mjenzi wa twiga alikwepa, simwambii kutoka juu ya mti. Mimi pia nilikwepa miezi minne. Nilijipa sababu nzuri nzuri: kiwanda changu ni cha mwisho wa miaka ya 1950, mizinga ingekuwa imeshaondoka sehemu hiyo. Unaona? Ni lile lile jibu la "wako ndani ya banda", nimelivalisha suti. Mwishowe nilikata vipande vya tawi la mwerezi vyenye unene wa kidole, urefu wa sentimita tano, nikavitoboa katikati kwa kuchimba kidogo kidogo kwa kisu, nikavitundika viwili kwenye mti wa mwisho uliobaki kilimani. Baba hajasema kitu. Mama ameuliza ni nini, nikamwambia, akasema "hm", na hiyo hm bado sijaijua maana yake.

Kuna wale watakaoniambia nimeunda maombolezo dhidi ya mbao. Hapana. Mji wangu ulipofungwa mdomo niliuona. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, siku 90 kwa kusema, zikageuka miaka. Nilirudi nyumbani Aprili nikasikia kitu kigeni Elburgon: kimya. Vijana niliosoma nao wakawa kwenye bodaboda, kisha bodaboda zikawa nyingi kuliko abiria. Paini zilizopandwa ili zikatwe zikasimama zikizeeka. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuondoa marufuku, watu wakashangilia, Chama cha Wanasheria kikaenda kortini, tukaanza upya kubishana. Kwenye huo ubishi kila mtu alikuwa na msitu wake kichwani. Wa Nairobi walikuwa na msitu usio na watu, wa kwetu walikuwa na msitu wa kazi, na ungedhani hakuna aliyewahi kuona kisiki. Nilitamani niwe na kilima changu cha udongo wakati ule nikiweke juu ya meza ya runinga.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba ni mchezo tu. Mtu akitengeneza kitu kidogo kwa mikono yake, ubao kwa ubao, watoto huja wakachuchumaa, na wakishachuchumaa wanaamini. Watoto wa jirani zetu wanakijua hiki kiwanda kuliko wanavyojua mahali kilipokuwa, ambapo wao hucheza kati kila Jumamosi. Wameniuliza maswali ambayo shuleni hakuna: kwa nini hizi nyumba za mabanzi ni ndogo hivi? Mzungu anaishi wapi? Hawa ng'ombe hawachoki? Mmoja akauliza nani alikata mlima. Mkimweka twiga hapo, mtoto atauliza habari za twiga.

Nimebakisha watu. Nina wanane, nimewachonga kwa sabuni ya kipande kwanza, kisha nikawatengeneza kwa udongo wa kukauka wenyewe. Mtu wa mita 1.70 anakuwa milimita 76. Yule aliye kwa msumeno ni baba, amekubali, alichagua hata kofia. Nilitaka mkono wa kushoto uwe na vidole vitatu. Nilikuwa na hoja zote, hizi hizi mlizosoma, nikazimwaga pale kwenye kiti cha plastiki: ukweli, visiki, kichwa cha pini.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Visiki ni vyako, Baba," akasema. "Vidole ni vyangu. Weka kumi."

Kwa kipimo hiki unene wa kidole haufiki hata milimita moja. Nilitumia sindano na lenzi, usiku mbili. Viko kumi.

Yule mzee nimemwalika Desemba, mvua ikipungua, aje na injini yake tuone kama inaweza kupanda mlima wetu. Amefurahi sana, ameuliza alete nini. Nimemwambia alete mabehewa ya magogo kama anayo, na twiga abaki nyumbani.